Kungoja Adhana ya Saa Kumi

Asubuhi yangu huanza na kilio, na si changu. Sufuria ya uji haijachemka, macho yenyewe hayajafunguka vizuri, tayari nasikia mtoto wa kwanza analia huko nje kabla hata mama yake hajagonga geti. Njia wanaijua. Wakishapita tu yule muuza chapati wa kona, hapa Kondele, wanajua sasa ni kwa Dani, na midomo inaanza kupinda. Ndivyo wanavyoniita, Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Mama zao huniita Ticha. Mimi nikiinama kufungua komeo, magoti yakilia kushinda huyo mtoto, najisemea maneno yale yale kila siku: aol, yawa. Nimechoka, jamani.

Nimepanga vyumba viwili na ua mdogo uliozungushiwa mabati, nyuma ya steji ya boda boda. Tunalea watoto wa watu kutoka alfajiri hadi giza linapoingia, mimi na mke mwenzangu. Ndiyo, mke mwenzangu. Mume wetu alipokufa alituachia nyumba inayovuja na uadui mwingi, na tulipochoka kugombana tukaona afadhali tufanye kazi. Yeye anapika, mimi napokea. Yeye ndiye mpole, kila mtu atakwambia. Mimi ndiye mdomo.

Watu wakiuliza kazi yangu nawaambia nalea watoto, lakini hilo ni la kusema tu. Mtoto ukimpa uji, ukamfuta kamasi, ukamwachia kifuniko cha sufuria agonge, siku itakwenda. Kazi yenyewe ni zile dakika chache za asubuhi pale getini, na hapo si mtoto anayenitoa jasho. Ni mama yake.

Kwa sababu huku kwetu mtoto haagwi, huibiwa. Mama anaingia na mtoto kiunoni, anampa andazi, anamwonyesha kuku wa jirani, "ona kuku, ona kuku, ona kuku yule!" Mtoto akigeuka kumtazama kuku, mama ni miguu niponye. Ukisikia boda boda inanguruma huko nje, ujue ameshapanda. Mtoto anageuka na andazi mkononi, anatafuta. Anatafuta nyuma ya mlango, nyuma yangu, chini ya meza. Halafu anaangua.

Nimewauliza mara nyingi kwa nini. Wananiambia, "Ticha, nikimuaga atalia." Atalia! Kwani usipomuaga anacheka? Wamefundishwa hivyo na mama zao, na mama zao walifundishwa na wa kwao, na wote waliibiwa hivyo hivyo utotoni, lakini hakuna anayekumbuka. Mimi ndiye ninayebaki na mtoto aliyeibiwa. Mtoto huyo hachezi tena. Anajifunza kwamba ukigeuka kidogo tu watu wanapotea, basi hageuki. Mchana wenzake wakilala yeye anakodoa macho. Nikienda chooni ananishika sketi, nikitoka ananikuta mlangoni pale pale.

Nikaweka sheria. Kwangu hakuna kuondoka kama mwizi. Unachuchumaa, unamtazama mtoto usoni, unamwambia unaenda na utarudi. Alie, si ana mdomo? Lakini nikakwama kwenye neno moja. Mama anasema atarudi, sawa, lini? Saa mtoto haijui. Jioni haijui. Kwa mtoto wa miaka miwili, jioni na mwaka ujao ni kitu kimoja.

Aliyepata jibu ni mke mwenzangu, naye hata hakuwa anatafuta. Ng'ambo ya barabara kuna msikiti, na spika zake zinatazama ua wetu moja kwa moja. Sisi ni watu wa kanisa. Yeye ni wa kwaya, Jumapili sauti yake inasikika hadi barabarani. Lakini adhana haimuulizi mtu dini. Ikiita ya adhuhuri, sisi tunapakua chakula. Ikiita ya alasiri, saa kumi, tunamimina uji wa wimbi, na mama wa kwanza wanaanza kufika. Siku moja kulikuwa na mtoto aliyelia hadi akakauka sauti, na mke mwenzangu, mwiko mkononi, akamwambia tu, "Nyamaza. Msikiti ukiita mara ya pili mama anakuja." Mtoto akanyamaza. Akakaa kusikiliza.

Tangu hapo ndiyo saa yetu. Mama anachuchumaa getini na kusema, "Naenda sokoni. Msikiti ukiita ya pili, nakuja." Wanaotoka kazini kwa kuchelewa huahidi ile ya magharibi, jua likizama. Na aliyeahidi namshika kooni. Ukisema ya alasiri, hata kama mteja amevaa kiatu kimoja na anatafuta cha pili, funga duka uje. Mtoto hajui mteja ni nani.

Basi alikuja mama mmoja wakati wa mvua, mwembamba, mtulivu, mwenye kuuza nguo za watoto za mitumba pale sokoni Kibuye. Mtoto wake alikuwa msichana wa miaka miwili na kitu, macho makubwa, shingo kama kijiti. Siku hiyo ya kwanza sikujua nimbembeleze nani, maana mama alilia kuliko binti. Nikamkalisha kwenye ndoo nikampa maji. Ndipo akanieleza.

Mumewe ni fundi wa magari kwenye gereji huko barabarani. Mama mkwe yuko Muhoroni, katikati ya miwa, na anamtaka mtoto. Kila akipiga simu wimbo ni huo huo: mji unamkondesha mjukuu wangu, mleteni huku ale. Na kweli mtoto alikuwa amekonda. Mama huyu alishajaribu kwa majirani wawili, na kote huko mtoto alilia siku nzima bila kuonja kitu. Mume akachoka. Akasema hadi mwisho wa mwezi. Mtoto asipotulia na kula, anapelekwa Muhoroni alelewe huko.

"Ticha, akienda kule harudi," akaniambia. "Atakuja kuniita shangazi. Nitakuwa mtu wa Krismasi."

Hakuwa anatia chumvi. Nawajua watoto wa namna hiyo, wamejaa huku. Nikamwambia alete mtoto kesho, na kesho amuage vizuri.

Akaja, akachuchumaa, akasema maneno yote vizuri, akaondoka. Mtoto akalia kama wanavyolia wote. Nikampa dakika zake. Hakunyamaza. Nikambeba, akajinyonga hadi akashuka, akaenda kulala kifudifudi chini ya geti, shavu kwenye matope. Nilidhani ni hasira. Nikainama kumnyanyua, na pale nilipoinama ndipo nikaona anachokitazama. Geti letu halifiki chini. Kuna upenyo wa kama kiganja. Na nje ya upenyo, patipati mbili nyekundu, za mama yake, zimesimama tuli.

Nikalifungua geti kwa kishindo. Nikamkuta ameegemea mabati, leso mdomoni.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nilitaka kusikia kama amenyamaza."

"Atanyamazaje na anakuona! Umemwambia umeenda halafu umesimama. Sasa aamini mdomo wako au aamini miguu yako?"

Akatazama miguu yake. Akacheka huku machozi yanamtoka, nami hasira ikaniishia, ndiyo shida ya hasira yangu, haina pumzi. Nikamshika mkono kama msichana wangu wa kumzaa nikampeleka hadi steji, nikamtafutia pikipiki mimi mwenyewe, nikasimama hadi ikapinda kona. Niliporudi nikaziba ule upenyo kwa gunia na matofali.

Alasiri ile adhana ilipoanza nilikuwa na roho juu. Kama hatafika, nimemaliza kazi kabla sijaianza. Haikuwa imefika katikati, geti likagongwa, na mama akaingia anahema, tope hadi magotini, alikuwa ametoka Kibuye mbio kwa sababu ya msongamano. Mtoto akamtazama. Halafu akainua uso akatazama juu, ule upande sauti inakotokea. Halafu tena mama. Alifanya hivyo mara kadhaa. Mke mwenzangu alisimama mlangoni na sufuria, akasema polepole, "Huyo ameshika."

Na kweli alishika. Siku zilizofuata alilia getini kidogo, kilio cha kawaida, kisha akakubali mkono wangu. Adhuhuri ikiita anainua kidole kimoja. Alikula wali na mchuzi wa omena. Alimnyang'anya mwenzake kifuniko, jambo lililonifurahisha sana ingawa niligomba. Mama yake akija anamkuta amekwisha vaa begi lake mgongoni. Hata shingo ilianza kujaa. Nilijiambia, haya, huyu nimempata, na nikaanza kumfikiria mtoto mwingine, maana hawaishi.

Hapo ndipo msikiti uliponiangusha.

Ilikuwa asubuhi, uji wa kwanza bado uko kwenye vikombe. Spika zikakoroma, kisha sauti ikatoka. Haikuwa adhana. Ilikuwa tangazo la msiba, mzee fulani wa jamaa zao amefariki, mazishi baada ya swala ya adhuhuri. Mimi nilielewa, mke mwenzangu alielewa. Watoto je? Wao walisikia msikiti umeita. Yawa! Waliinuka wote kama kundi la bata. Vikombe vikapinduka, kila mmoja akakimbilia begi lake, wanasukumana, mwingine amevaa begi la mwenzake, wakajipanga getini nyuso zimewaka kwa furaha. Mama anakuja! Mama anakuja! Sijawahi kuona watoto wenye furaha kama ile, na sikuwa na mama hata mmoja wa kuwapa.

Tuliwatuliza kwa shida. Tuliwapa uji mwingine, mke mwenzangu akaimba pambio zote anazozijua hadi sauti ikakwaruza. Mmoja mmoja wakarudi mkekani. Yule msichana hakurudi. Alisimama, begi mgongoni, mkono kwenye geti. Ameinua kidole kimoja. Sikukielewa kidole kile hadi adhuhuri ilipoita ile adhana ya kweli, nikamwona anainua cha pili, anageuka kunitazama kwa macho yale makubwa.

Alikuwa amehesabu. Tangazo, moja. Adhuhuri, mbili. Kwa hesabu yake, ambayo mimi ndiye niliyemfundisha, mama alipaswa kuwa hapo nje.

Nilijaribu kumweleza. Unamweleza nini mtoto wa miaka miwili? Kwamba ile ya asubuhi ilikuwa ya maiti? Alikaa chini pale getini akakunja vidole vyake vyote viwili, akaviweka mfukoni. Hakulia, na hilo lilinichoma zaidi, kwa sababu kulia nimekuzoea. Adhana ya alasiri ilipoita hakuinua kichwa. Mama yake aliingia mbio kama kawaida, akamkuta ametazama mabati, akalazimika kumnyanyua kama mzigo.

Kesho yake hakula. Kesho kutwa hivyo hivyo. Mama akasema kwaheri yake, mtoto akatazama pembeni, kana kwamba mtu anayeongea si wake. Mwisho wa mwezi ulikuwa unabisha hodi. Usiku sikuwa napata usingizi, na mimi usingizi ndiyo mali pekee niliyobaki nayo.

Nikajifunga leso kichwani nikavuka barabara kwenda msikitini. Nilimkuta mtunzaji wake, bwana wa makamo mwenye tumbo, amepanda ngazi anafunga waya kwa koleo na anaulaani. Nikamweleza shida yangu kutoka chini. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akashuka ngazi nzima, akaniomba nirudie.

"Yaani watoto wako wanatumia adhana kujua mama zao wanarudi lini?"

"Ndiyo, Bwana. Na hilo tangazo lenu limenivurugia."

"Mama," akasema, na nikaona anajizuia kucheka, "mtu akifa hatuwezi kungoja watoto wako wamalize uji."

"Sijasema mngoje. Nimekuja tu kwa sababu nimechoka na sina wa kumlalamikia."

Hilo lilimwingia. Alikuna ndevu, akafikiri, kisha akaniambia jambo ambalo ningelijua mimi mwenyewe kama ningekuwa na masikio badala ya mdomo. Tangazo haliingii kama adhana. Tangazo la msiba huanza na inna lillahi, kisha ni maneno matupu ya kusema. Adhana huanza na Allahu akbar, inavutwa, ina wimbo. "Wafundishe mwanzo wake," akasema. "Wakisikia mwanzo mwingine, wakae." Akarudi juu kwenye ngazi kuendelea kuulaani waya.

Basi tukaanza darasa. Mimi, mkristo wa maji mengi, nimesimama katikati ya ua nawavutia watoto adhana, nao wananivutia mimi. Mke mwenzangu akawa anasoma matangazo ya uongo kupitia faneli, "inna lillahi, kuku wa jirani amefariki," nao wanapiga kelele, "Kaaa!" Wakajua tofauti kabla ya wiki kuisha. Walijua mno. Mama mmoja, mke wa shemasi, alinijia asubuhi uso umevimba.

"Ticha, jana tulikuwa na wageni wa kanisa. Mtoto amesimama kwenye kiti akawaadhinia, mkono sikioni."

"Na uji anakunywa siku hizi?"

"Anakunywa."

"Akilia getini?"

"Halii."

"Sasa umeniletea mashtaka au shukrani? Nijue nitakavyojibu."

Alienda zake akinung'unika, lakini mtoto alimleta kesho yake.

Yule msichana wetu hakuimba na wenzake. Alikaa na begi lake karibu na geti, akitazama. Mama yake hakukosa siku hata moja, hata siku ile Kibuye ilipofurika maji alifika adhana ikiendelea, patipati mkononi. Nikawa nampa mtoto kijiko kimoja cha uji, anakigeuzia uso, nakirudisha. Ndipo alasiri moja, adhana inaita, nikaona midomo yake inasogea. Haikutoa sauti. Inasogea tu, nyuma kidogo ya maneno. Siku iliyofuata alipokea vijiko vitatu vinne. Nikatamani kupiga vigelegele ila nilihofia kumshtua. Nikamwambia mke mwenzangu, tupate wiki mbili tu, huyu anarudi. Akaniambia, wiki mbili zipi, mwezi si umeisha?

Asubuhi hiyo ya mwisho mama alimleta akamkumbatia muda mrefu pale getini. Hakusema maneno yake. Nikamkumbusha, maana mimi na sheria zangu. "Mwambie." Akatikisa kichwa, akasema, "Ticha, leo nisimwambie kitu," akaondoka ameinamisha uso. Niligomba moyoni. Mtoto alimfuata kwa macho hadi geti likafungwa, akingoja neno ambalo halikuja.

Katikati ya asubuhi baba yake akafika. Sikuwa nimewahi kumwona. Kijana mrefu, ovaroli ina mafuta, mikono ina mafuta, na huko nje nasikia pikipiki inamngoja bila kuzimwa.

"Mathe, nimekuja kumchukua. Gari la Muhoroni linajaa."

"Mama yake anajua?"

"Anajua. Amesema hawezi kuona."

Nikahisi uchovu wangu wote wa miaka hii umeshuka miguuni mara moja. Ningeweza kumkabidhi mtoto na kwenda kulala. Ni wake, mimi ni nani? Lakini mdomo wangu haujawahi kuniuliza kwanza.

"Utamwambia unampeleka wapi?"

"Kununua soda."

"Na ukishafika? Ukitaka kurudi mjini?"

"Mama yangu atamwonyesha kuku, mimi nachomoka." Akatabasamu, akiona sura yangu. "Wacha kuogopa, mathe. Watoto husahau. Mimi mwenyewe niliachwa hivyo. Mama alipata kazi Nairobi, akaniacha na dani hapo hapo Muhoroni. Aliniambia anaenda kununua sukari." Akaanza kucheka. "Sukari! Na mji mzima unanuka sukari, kiwanda hicho hapo!"

Mke mwenzangu, ambaye anapenda hadithi, akauliza kutoka jikoni, "Na alirudi lini?"

"Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele."

"Ukamuulizia sukari yake?"

Alikuwa bado anacheka, lakini kicheko kilikuwa hakina kitu ndani. "Nilimuulizia."

"Akasemaje?"

"Akasema, sukari gani?"

Huko nje pikipiki ilikuwa inaendelea kunguruma. Nilimtazama yule kijana na nikamhurumia hadi nikakasirika, sijui kama hilo linaeleweka.

"Haya, wuoda," nikamwambia, mwanangu. "Mchukue. Mtoto ni wako, sikuzuii. Lakini hapa kwangu hakuna soda. Chuchumaa, mwambie kweli unampeleka kwa nani na utamrudia lini. Ukimaliza nafungua geti."

Alinitazama kama anataka kunisukuma. Kisha akachuchumaa. Msichana alikuwa amekwisha vaa begi lake; alikuja akasimama mbele yake, mikono nyuma, akangoja.

"Baba anakupeleka kwa dani wa Muhoroni," akasema. "Utakula miwa. Halafu Baba..." Akajaribu tena. "Halafu Baba atarudi..." Akageuza uso kwangu, akanong'ona, "Nimwambie lini?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayeondoka."

Alikaa vile, amechuchumaa, mikono yenye mafuta inaning'inia katikati ya magoti. Mtoto hakusogea. Mwenye pikipiki akapiga honi. Akapiga tena. Baba mtu akainuka, nikajua sasa anambeba, akaenda getini, akafungua kidogo akachungulia nje. "Enda tu," akamwambia yule wa pikipiki. "Enda, nimesema!"

Alirudi akamvua mtoto begi, akalitundika kwenye msumari, si ule wake lakini sikumsahihisha. "Mama yake humwambiaje?" akaniuliza bila kunitazama. Nikamwambia. Akachuchumaa tena akayasema yale maneno, neno kwa neno, kama mtu anayekariri namba ya simu: Baba anaenda gereji, msikiti ukiita ya pili, Baba anakuja. Mtoto alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi, na mara moja yalimtupa. Baba akaondoka. Baadaye vijana wa steji waliniambia alisimama pale kwao anapiga simu kwa sauti, "Hajaenda! Nimesema hajaenda! Kwani unalia nini sasa?"

Siku hiyo haikuisha. Mgongo uliniuma, watoto wawili waliumwa na tumbo, na kila nilipogeuka nilimwona yule msichana, ametulia kwenye mkeka, hajui jinsi alivyoponea. Adhuhuri ilipoita alitazama juu. Hakuinua kidole.

Baba alirudi mapema. Uji wa alasiri ulikuwa ndio kwanza unamiminwa, na adhana bado. Alikuwa ameoga, mikono imesuguliwa hadi wekundu lakini bado inanuka petroli, na shati limepigwa pasi. Binti yake alikuwa amekaa na kikombe cha uji mikononi, amekinywa nusu. Baba akamwendea anatabasamu.

"Nimekuja. Twende nyumbani."

Mtoto akamtazama juu hadi chini.

"Bado," akasema. "Haijaita."

Yule kijana akageuka kwangu. Nami nikainua mabega. Kwangu ni sheria, na aliyeahidi ni yeye.

Akatafuta pa kukaa. Hakuna viti vya watu wazima kwenye ua wetu, vipo vile vidogo vya plastiki vya watoto, akakivuta kimoja akakikalia, magoti yakamfika kifuani. Mtoto akarudi kwenye uji wake. Aliunywa taratibu, hadi chini, akalamba ukingo. Walikaa hivyo. Watoto wengine walikuja kumshangaa, wakamzoea, wakaondoka.

Spika zikakoroma. Kila mtoto uani akaganda, akisikiliza mwanzo wake. Allahu akbar, ikavutwa, ikapanda, na wao wakaipokea kwa kelele zao, na safari hii niliisikia sauti nyembamba nisiyoijua ikiwa katikati yao. Msichana akaniletea kikombe. Akaenda kwenye msumari usio wake, akachukua begi, akalivaa. Akarudi akamshika baba yake kidole.

"Sasa," akasema.

Baba hakuinuka. Alikuwa amefunika uso kwa mkono ule mwingine na mabega yanamcheza. Mtoto alingoja kidogo, kisha akamvuta kidole.

"Baba, imeita."

"Nimesikia," akasema. "Nimesikia, mtoto wangu, nyathina."